Kumtafuta Rafiki wa Mazimbu

Dada alikataa bodaboda. Tulikuwa tumeshuka treni ya SGR, jua bado halijakaza, Milima ya Uluguru imejifunika mawingu kuanzia kiunoni kwenda juu, na vijana wa pikipiki wametuzunguka, kila mmoja akivutia kwake. "Mazimbu tulikuwa tunakwenda kwa miguu," aliniambia. "Leo ndiyo nikimbizwe kama mgonjwa?" Tukapanda daladala.

Ni mtoto wa mama mkubwa, kazaliwa 1974, na utoto wake ameukulia jirani na Mazimbu, magharibi ya mji wa Morogoro, ambako wazazi wake walikuwa na shamba la mahindi. Nilimwomba anipeleke kwa sababu kwa miaka mingi nimemsikia akimtaja rafiki yake wa huko, msichana wa Afrika Kusini aliyecheza naye tangu wana miaka minane mpaka walipoachana wakiwa wasichana wakubwa. Kila akimtaja humalizia kwa swali lile lile: yuko wapi siku hizi? Mimi ni mtu wa Dar es Salaam. Habari za wapigania uhuru nilizisoma shuleni, kwenye kurasa chache za kitabu cha historia, na mtihani ulipopita zikapita nazo. Kwa dada hazijapita.

Leo Mazimbu ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wanafunzi walikuwa wanatoka vipindini, mabegi mgongoni, simu mkononi, wanakatiza chini ya miti mikubwa. Dada alisimama kwenye mti mmoja akaushika shina kwa viganja viwili. Aliukuta ukiwa mche, akasema, na jioni moja yeye na mwenzake waliumwagilia kwa kopo la maziwa ya unga mpaka wakagombezwa kwa kuchezea maji. Nyumba za chini zilizojengwa wakati ule bado zipo na zinakaliwa. Alikuwa anazitambua moja moja: hapa bweni, hapa alikaa mwalimu fulani, pale njia ya kwenda shambani.

Mahali hapa palikuwa shamba la mkonge lililotelekezwa. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania, kwa juhudi kubwa za Anna Abdallah aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, iliwapa ANC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, eneo hili wajenge shule. Haja ilikuwa imekuja ghafla. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, polisi wakawapiga risasi, na miezi iliyofuata maelfu ya vijana wakaikimbia nchi kupitia Swaziland, Botswana na Msumbiji. Wengi hawakuwa wamemaliza shule. Chama kilichozoea kupokea watu wazima wa kupigana sasa kilikuwa na watoto mikononi, na mtoto huwezi kumpa bunduki ukasema umemlea. Ndipo kikazaliwa Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, SOMAFCO. Wanafunzi na walimu walifyeka na kujenga pamoja na mafundi wa Kitanzania, kwa misaada ya nchi za Skandinavia, Uholanzi na nyinginezo. Oliver Tambo, kiongozi wa ANC, alikuja kukifungua rasmi mwaka 1985, na wakati huo palikuwa na shule ya msingi na ya sekondari, shamba, karakana za useremala na nguo, hospitali, na kituo cha watoto wadogo kilichopewa jina la Charlotte Maxeke.

Rafiki wa dada aliletwa na mama yake, mkono kwa mkono, mwanzoni mwa miaka ya 80. Walikutana kwenye bomba la maji. Mmoja hajui Kiswahili, mwenzake hajui Kizulu wala Kiingereza. Dada anasema hawakuhitaji lugha kwa wiki za mwanzo, walihitaji kamba ya kuruka, na kamba ya katani Mazimbu ilikuwepo ya kumwaga. Baada ya miezi michache yule mtoto alikuwa anazungumza Kiswahili cha Morogoro sawasawa, anamtafsiria mama yake sokoni, na anajua kubishana bei.

Ile ilikuwa miaka ya dhiki. Tanzania ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, na sukari, sabuni na khanga vilipatikana kwa foleni, kama vilipatikana. Ndani ya Mazimbu kulikuwa na shehena za misaada. Watu wazima wakageuza jambo hilo kuwa biashara ya chinichini, na kukawa na lawama za pande zote mbili ambazo wazee wa huku hawajazisahau. Watoto walikuwa na hesabu yao. Mwenzake akileta kipande cha sabuni, dada ataleta embe au muhogo wa kuchoma. Siku moja aliletewa koti zito la sufu lililotoka Ulaya ya kaskazini, akalivaa kwenye joto la Februari kutoka kwa rafiki yake mpaka nyumbani, jasho linamchuruzika, na hakukubali kulivua hata mama yake alipomshikia fimbo.

Halafu kulikuwa na mtu wa tatu katika urafiki wao. Yule msichana alikuwa ameacha rafiki Soweto, mtoto wa nyumba ya pili, na hakuna mchezo ulioanza bila kutajwa kwamba kule walikuwa wanaucheza namna gani. "Nilimwonea wivu," dada aliniambia tukiwa tumekaa kwenye kivuli. "Mtoto sijawahi kumwona, nikawa namchukia. Mpaka siku moja nikamuuliza, sasa mbona humwandikii barua? Akaniambia mama amesema barua itawaua."

Nilifikiri ni maneno ya mama wa kutishia mtoto. Dada akatikisa kichwa, na baadaye, nikiwaza tarehe, nikaona mama yule alikuwa na sababu. Januari 1981 makomandoo wa Makaburu waliingia Matola, Msumbiji, wakaua watu wa ANC majumbani mwao. Desemba 1982 wakafanya hivyo Maseru, Lesotho, wakaua watu 42, wakiwemo wenyeji wa Lesotho waliokuwa wamelala. Agosti 1982 Ruth First, mpinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, alifungua bahasha ofisini kwake chuo kikuu cha Maputo, ikamlipukia akafa. Kwa hiyo barua kutoka Morogoro kwenda Soweto, iliyoandikwa na mtoto wa miaka tisa kumsalimia mwenzake, ingeweza kuwapeleka polisi mpaka mlangoni kwa bibi yake. Urafiki ule wa Soweto ulikatwa hivyo, bila kugombana, bila kuagana, kwa kukatazwa kalamu.

Na kwa sababu hiyo hiyo wakimbizi wengi wa Mazimbu hawakutumia majina yao. Ukishavuka mpaka ulipewa jina jingine, na hilo ndilo walilolijua walimu, majirani na wauza ndizi wa Morogoro. Msichana wa dada alikuwa nalo. Dada analitamka kwa upole, herufi zote zimekaa mahali pake, na hapa sitaliandika kwa sababu halikuwa lake. Jina alilopewa na baba yake dada hakuwahi kuambiwa. Miaka kumi wamekula sahani moja na jina hakuambiwa.

Tulitembea mpaka makaburini. Waafrika Kusini waliofia hapa walizikwa Mazimbu, na nilipokuwa nasoma miaka ya kuzaliwa na kufa nikawa natoa kimoyomoyo: ishirini na tatu, kumi na tisa, thelathini. Malaria, ajali, magonjwa. Dada alikuwa anatafuta kaburi la kijana aliyewafundisha kuendesha baiskeli, hakuliona, akasema pengine na hapo limeandikwa jina asilolijua.

Mwenye jina la chuo, Solomon Mahlangu, hakuwahi kukiona. Alizaliwa Pretoria 1956, akatoroka nchi baada ya Soweto, akapewa mafunzo ya kijeshi Angola, na Juni 1977 akarudi na wenzake wawili. Tarehe 13 Juni walizuiwa mtaa wa Goch, Johannesburg, raia wawili wakapigwa risasi wakafa. Aliyefyatua alikuwa mwenzake, Mondy Motloung. Mmoja wao alifanikiwa kutoroka. Motloung alipigwa vibaya sana mpaka ubongo ukaharibika, mahakama ikaona hawezi kushtakiwa. Mahlangu akabaki peke yake kizimbani, akahukumiwa kwa kushirikiana naye, na akanyongwa tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Vijana watatu walitoka pamoja, na ndani ya miaka miwili mmoja yuko kaburini, mmoja hana akili zake, mmoja yuko ughaibuni. Siku tano baada ya kunyongwa kwake majeshi ya Tanzania yaliiteka Kampala. Morogoro ya Aprili 1979 ilikuwa na matanga ya aina mbili kwa wakati mmoja: Waafrika Kusini wakimlilia kijana wao, na kaya za Kitanzania zikingoja habari za waliokwenda mstari wa mbele.

Kuna jeraha jingine ambalo watu wa huku hulitaja kwa sauti ya chini. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari alipokuwa akirejea Dar es Salaam kutoka Dodoma, eneo la Wami Dakawa, karibu na kambi nyingine ya ANC. Gari lililogongana na msafara wake lilikuwa linaendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini. Nchi ililia kwa kweli, na katika kulia huko yakasemwa mengi. Mama yake dada alimkataza kwenda Mazimbu. Rafiki naye hakuja bombani. Dada alikuwa na miaka kumi na anakumbuka kukaa kizingitini jioni baada ya jioni, akiwa na kamba ya kuruka isiyo na mtu wa kushika upande wa pili. Walirudiana, hakumbuki nani alianza. Mwaka huo huo chuo kikuu kilianzishwa mjini Morogoro kwa jina la Sokoine. Sasa ukiwa Mazimbu unasoma majina yote mawili kwenye ubao mmoja, Sokoine na Mahlangu, na sijui mahali pengine Tanzania ambapo misiba miwili imewekwa pamoja kwa heshima namna hiyo.

Nikamuuliza walipatanaje. Akafikiri, akasema kwa wimbo. Asubuhi moja gwaride la shule lilikuwa linaimba Mungu Ibariki Afrika, na yule msichana, akipita njiani, akaingia kwa lugha yake bila kukosea hata pumzi, kwa sababu tuni ni ile ile aliyoitunga Enoch Sontonga mwaka 1897 kwao Afrika Kusini. Watoto walicheka, mwalimu akawaacha. Tukiwa tumekaa pale dada alianza kuiimba, maneno ya Kizulu aliyofundishwa, sauti imepasuka kidogo. Wanafunzi wawili wa kiume waliokuwa wanapita walisimama wima mpaka alipomaliza, wakamwamkia, wakaenda zao.

Asubuhi iliyofuata tulipanda Uluguru. Njia ya Morningside inaanzia mjini na kufuata bonde la Mto Morogoro, na muda wote unapishana na akina mama wanaoteremka na matenga ya karoti, ndizi na majani ya kitunguu kichwani, wanakwenda Soko la Mawenzi, miguu haitelezi. Sisi tulikuwa tunateleza. Juu, si mbali na ile nyumba ya zamani ya Wajerumani, tulimkuta mzee mmoja wa Kiluguru akipalilia magimbi ukingoni mwa kijito. Tukamwamkia. "Marahaba, wajukuu zangu. Mnakwenda kutalii?" Dada akamwambia yeye si mtalii, ni mtoto wa hapa chini, na akataja ukoo wa mama yake. Kwa Waluguru ukoo ni wa mama, na mzee aliposikia akaacha jembe. Wakaanza kuulizana, mara wakaonekana ni watani, mara akamtania kwamba mahari yake haijalipwa mpaka leo.

Tulipomweleza tunachokitafuta, mzee akatuonyesha mji chini, umetawanyika mpaka Mazimbu na ng'ambo yake. "Wale wa Kusini si mara ya kwanza kuja," alisema. "Bibi yangu aliwaona wengine. Hao walikuja na mizinga." Ni kweli. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jan Smuts yaliuteka mji wa Morogoro, na humo walikuwemo askari wengi wa Afrika Kusini, wazungu. Wajerumani walikuwa wamerudi nyuma wakiizunguka milima hii pande zote mbili, kuelekea Kisaki, na nyuma ya kila jeshi wakasukumwa wapagazi, wanaume na vijana waliokamatwa vijijini wabebe risasi na chakula cha vita isiyowahusu. Wengi hawakurudi. Bibi yake mzee alikuwa msichana mdogo, na kitu alichokuwa akikisimulia ni kwamba rafiki yake wa kuchota naye maji alikimbizwa na wazazi wake upande wa Matombo usiku mmoja, na bibi akawa anateremka mtoni na mtungi wake peke yake. Mpaka amezeeka, alisema mzee, akifika kwenye kile kijiwe cha kuwekea mtungi anamtaja yule mwenzake kwa jina. "Yeye jina alikuwa nalo," dada akasema. Mzee hakumwelewa, na dada hakueleza.

Nikiwa pale nilimwaza kijana mwingine wa Soweto. Picha maarufu ya 16 Juni 1976 inamwonyesha Mbuyisa Makhubo, miaka 18, amembeba mikononi mtoto Hector Pieterson aliyepigwa risasi. Kwa sababu ya picha hiyo polisi walimwandama, akakimbia nchi. Mwaka 1978 mama yake alipata barua kutoka Nigeria, na baada ya hapo hakupata neno tena. Mama alikufa bila kujua mwanawe yuko wapi. Dunia nzima inaujua uso wake. Ukizingatia hayo, kumpoteza mtoto ambaye hakupigwa picha wala hakuwa na jina lake la kweli si jambo la ajabu hata kidogo.

Kilichomtenganisha dada na rafiki yake hatimaye ni ushindi, na hilo ndilo nililolibeba kutoka mlimani kuliko yote. Februari 1990 ANC iliruhusiwa tena, Mandela akatoka gerezani, na Mazimbu ikalipuka kwa ngoma usiku kucha, wenyeji nao wakaingia, kwa sababu walikuwa wameingoja siku hiyo pamoja. Dada alicheza mpaka viatu vikakatika. Kuanzia 1991 watu wakaanza kurudishwa kwao kwa makundi, kwa msaada wa UNHCR, na Julai 1992 ANC ikaikabidhi Mazimbu yote, majengo na shamba, kwa Tanzania. Hakuna aliyefikiria kuwauliza wasichana wawili wa miaka kumi na minane. Siku ya basi, rafiki alikuja amevaa nguo mpya, amefura macho. Aliahidi kuandika akifika. Dada akampa anwani ya sanduku la posta la shule.

Barua haikuja, au ilikuja shuleni dada akiwa ameshaondoka. Na akitaka kuandika yeye, amwandikie nani? Msichana alipokanyaga uwanja wa ndege wa Johannesburg alirudishiwa jina lake la kuzaliwa, na lile la Morogoro likaishia hapo. Nchi yake ilikuwa inawaka bado, miaka ile kabla ya uchaguzi wa Aprili 1994 ilimwaga damu nyingi vitongojini. Je, alifika Soweto akamkuta yule mtoto wa nyumba ya pili? Alikuwa amekuwa mgeni wa Kiswahili kwao? Dada huyawaza haya akiwa jikoni. Na hakubaki peke yake na maswali: kuna watoto Morogoro ambao baba zao walipanda mabasi yale yale, na wamekua wakiuliza habari za mtu ambaye jina walilopewa na mama si lililo kwenye pasipoti.

Najua kwamba majalada ya ANC ya miaka ya uhamishoni, ya SOMAFCO yakiwemo, yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Fort Hare, mji wa Alice. Ni vizuri sana. Lakini kumbukumbu ile ni ya upande wa ndani wa ua. Wanawake wa umri wa dada, waliochota maji bomba moja na watoto wale na kuwafundisha lugha, wako Kihonda, wako Mawenzi, wako Dar es Salaam, na hakuna aliyekaa nao na daftari. Tanzania ilitoa ardhi, na hilo tunajisifia kwenye hotuba. Ilitoa pia watoto wake wawe marafiki wa watoto wa watu, na hao hatujawauliza chochote. Nadhani tungewauliza sasa, wakiwa bado wana nguvu za kupanda daladala.

Tulianza sisi wenyewe, kwenye treni ya kurudi. Nina mtu ninayemfahamu Johannesburg ambaye yuko kwenye kundi la waliosoma Mazimbu, na nilikubaliana na dada tumwandikie. Kwa kuwa jina peke yake halitoshi, tuliamua kuandika kila kitu kinachoweza kumtambulisha. Nikafungua simu, yeye akawa anataja. Lile jina la Morogoro. Mama yake alifanya kazi karakana ya nguo. Mkono wa kushoto ndio wa kuandikia. Alikuwa hali bamia. Nikauliza kama inatosha, tumefika Ngerengere, mtandao utakatika.

"Bado," akasema dada. "Andika ana kovu la baiskeli, goti la kulia. Na uandike nani alikuwa amempakia."